Saa ya Kwanza ya Uongo: Video na Sauti za Kughushi na Usalama wa Nchi

Hotuba iliyotolewa Tanga mjini mbele ya wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, waandishi wa redio, walimu na wafanyakazi wa bandari

Ndugu wenyeviti na watendaji, wanahabari, walimu, na nyinyi wazee wetu mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza: shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tarehe 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo HMS Fox ilifika mbele ya mji huu. Kamanda wake, Kapteni Caulfeild, alimtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani asalimishe mji, kisha akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Haikuwa imetegwa. Akajibiwa kuwa imetegwa. Waingereza wakapoteza saa nyingi wakisaka mabomu ndani ya maji yasiyo na bomu hata moja, askari wao wakashushwa pembeni, upande wa Ras Kazone, na muda wote huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akiwapakia askari wake kwenye treni kutoka Moshi. Waliokuja kwa meli walikuwa kama 8,000, waliowasubiri nchi kavu kama 1,000. Tarehe 5 wageni walikuwa wanarudi melini. Baadaye, kwa upande wa Waingereza, ilienezwa habari kwamba hata nyuki waliowatawanya askari walikuwa mtego wa Wajerumani, mizinga imefungwa nyaya. Nyuki wale waliuma kila waliyemkuta.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu hoja yetu leo ni moja. Anayetengeneza video au sauti ya uongo hahitaji uongo wake udumu mwaka mzima. Anahitaji saa chache tu, zile ambazo wewe huna njia ya kuhakikisha, na katika saa hizo ufanye jambo lisilorudi nyuma: ukimbie, upige kura au usiipige, ufunge duka, umpige mtu mawe, uhamishe fedha.

Tazameni saa hizo zinavyochaguliwa. Slovakia, mwaka 2023, uchaguzi ulikuwa tarehe 30 Septemba. Siku mbili kabla, ikasambaa sauti ya kughushi ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama kimojawapo kikubwa, akionekana kupanga na mwandishi wa habari namna ya kuchezea kura. Nchini kwao kampeni husimama saa 48 kabla ya kura, kwa hiyo wenye kusingiziwa walikosa uwanja wa kujibu. Marekani, tarehe 22 Mei 2023, picha ya moshi mzito karibu na Pentagon, makao makuu ya wizara yao ya ulinzi, ilirushwa na akaunti zenye tiki ya buluu. Kipimo cha soko la hisa, S&P 500, kikashuka kama asilimia 0.3 kwa dakika chache, mpaka idara ya zimamoto ya Arlington iliposema hakuna mlipuko wowote. Ukiitazama picha ile ukiwa umetulia, unaona uzio wa mbele umeyeyuka na kuungana na vizuizi vya barabarani. Wakati huo hakuna aliyekuwa ametulia.

Ukraine wao walijipanga. Tarehe 16 Machi 2022 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya kituo cha televisheni cha Ukraine 24, wakaweka video ya Rais Zelenskyy akiwaambia askari waweke silaha chini. Kichwa hakikuendana na mwili, sauti ilikuwa nzito kuliko yake. Ilikufa siku hiyohiyo, na wengi husema ni kwa sababu ilitengenezwa vibaya. Sisi tunaona sababu kubwa ni nyingine: wiki mbili kabla, serikali ya Ukraine ilikuwa imeshawaambia wananchi kwamba video ya namna hiyo itakuja. Ilipokuja, Zelenskyy alijirekodi mwenyewe akajibu papo hapo. Adui alipewa dakika, hakupewa saa.

Kisa cha Gabon ndicho kinachotusumbua zaidi, na tunawaomba mkitafakari vizuri. Rais Ali Bongo aliugua akiwa Riyadh, Oktoba 2018, akatoweka machoni pa watu kwa wiki nyingi. Mkesha wa mwaka mpya ikatoka video yake ya salamu. Uso umekakamaa, macho hayaendi sawa, na watu wakaanza kusema hii ni ya kutengenezwa. Tarehe 7 Januari 2019 kundi la wanajeshi likajaribu kupindua serikali, na katika tangazo lao wakasema hotuba ile imewazidishia mashaka juu ya uwezo wa rais. Wataalamu walioichunguza video hawakupata ushahidi kwamba imeghushiwa. Mtu alikuwa mgonjwa wa kiharusi. Kwa hiyo hata pasipo na uongo, kule kujua kwamba uongo wa namna hiyo unawezekana kunatosha kuiyumbisha nchi, hasa nchi iliyonyimwa taarifa kwa wiki nyingi.

Sasa tuingie jikoni. Vitu hivi vinatengenezwaje?

Kwa sauti, programu ya akili mnemba inapewa sampuli ya mhusika, kisha unaandika maneno, nayo inayasoma kwa sauti yake. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo uitwao VALL-E uliotosheka na sampuli ya sekunde 3. Na sampuli hazitafutwi mbali: mahojiano ya redio, khutba iliyowekwa YouTube, mahubiri, mkutano wa hadhara, voisi uliyotuma kwenye kundi la harusi. Kiongozi anayesikika hadharani ameshatoa sampuli za kutosha maisha yake yote, kwa hiyo ushauri wa "usirekodiwe" haumsaidii.

Kwa Kiswahili bado kuna kasoro za kuzisikilizia. Programu nyingi zimelishwa Kiingereza kwa wingi kuliko Kiswahili, kwa hiyo ng' ya ng'ombe inatoka kama ng ya ngoma, mkazo unahama mahali pake, tarakimu zinasomwa Kizungu. Mtu mzaliwa wa Chumbageni anasikika kama amekulia Nairobi. Pumzi haisikiki, au inasikika katikati ya neno. Mlio wa chumba haubadiliki hata anapogeuka. Kwa video, angalia meno, ukingo wa nywele, hereni, na uso unapogeuka pembeni au mkono unapopita mbele yake, maana hapo ndipo sura ya kubandikwa inapoteleza.

Lakini msizitegemee alama hizi. Mwaka 2018 mtafiti Siwei Lyu na wenzake walionyesha kwamba sura za kughushi hazipepesi macho inavyotakiwa. Haukupita muda zikaanza kupepesa. Isitoshe, njia zenyewe tunazopokelea ujumbe zinaficha kasoro. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), kwa hiyo mikwaruzo mingi ya programu iliyo juu ya hapo haikufikii. WhatsApp nayo hubana video inapopakiwa kama video ya kawaida, na kubana huko kunafuta alama ndogondogo ambazo mtaalamu angezitafuta. Ndiyo maana hata programu za kugundua ughushi hukosea zikipewa faili lililopita mikono kumi: huliita la kweli kuwa la uongo, na la uongo kuwa la kweli. Zinatoa makadirio tu, na mwenyekiti wa mtaa asije akatangaza makadirio kama hukumu.

Basi tuache kukodoa macho kwenye picha, tuulize imetoka wapi.

Tuseme ni Jumamosi, saa 2:40 usiku. Kundi la mtaa linapokea voisi ya sekunde 38. Sauti ni ya kiongozi mnayemfahamu, inasema: kuna hitilafu kwenye matangi ya mafuta Chongoleani, wakazi waondoke sasa hivi, vituo vya mafuta vitafungwa usiku huu. Mnajua Chongoleani ni nini kwa nchi hii: ndipo linapoishia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Sauti kama hiyo haihitaji kulipua chochote. Bodaboda na bajaji zitajaa barabarani na kuziba njia ambayo gari la zimamoto lingepita. Foleni itafika nje ya kila kituo cha mafuta. Nyumba zitaachwa tupu. Polisi watavutwa upande mmoja wa mji, na aliyetuma sauti anaweza kuwa na shughuli yake upande wa pili.

Unafanya nini dakika hiyo?

Kwanza, kidole kitoke kwenye kitufe cha kusambaza. Kisha tazama juu ya ujumbe. Kama una mishale miwili, umeshapita angalau mikono mitano tangu kwa mtumaji wa kwanza, na WhatsApp itakuruhusu kuupeleka kwenye kundi moja tu kwa wakati. Kukosekana kwa mishale hakukupi uhakika wowote, kwani mtu akiihifadhi sauti kwenye simu yake na kuituma upya, mishale inatoweka na ujumbe unaonekana mbichi. Hapo muulize aliyeleta: umeitoa wapi? Mara tisa katika kumi, tunavyoona sisi, jibu ni "kundi lingine", na mtu wa kundi lingine naye anasema vivyo hivyo. Uzi usio na mwanzo ni jibu tosha la kutoutuma.

Wakati huohuo piga simu mbili. Ya kwanza ni kwa mtendaji au polisi, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya tukio, kamwe si ile iliyotajwa ndani ya ujumbe. Hili Watanzania tumeshafundishwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tena kwa gharama. Tunalihamisha tu kutoka kwenye hela kwenda kwenye habari. Simu ya pili mpigie mtu anayekaa Chongoleani kwenyewe. Muulize anaona nini dirishani. Kama ana intaneti, akuonyeshe mubashara. Mvuvi aliyeko ufukweni pale ana taarifa nzuri kuliko makundi yote ya mjini.

Ukipata jibu, lirudishe kundini likiwa na saa na chanzo: "Nimezungumza na mtendaji wa kata saa 2:52, hakuna tukio. Fulani yuko Chongoleani, anasema kumetulia." Msiandike "hiyo ni feki, puuzeni" pasipo chanzo, kwani hilo ni neno lako dhidi ya sauti ya kiongozi, na sauti ya kiongozi itashinda. Admini naye ana kazi: kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na yeye anaweza kufuta ujumbe kwa wote au kuweka mpangilio ili maadmini pekee ndio waandike kwa nusu saa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa njia ambayo kampuni yenyewe haisomi kilichomo, kwa hiyo hakuna ofisi Dodoma wala Marekani itakayouzuia usiku huo. Aliye karibu zaidi na koki ya kuufunga uvumi huo ni admini wa mtaa, ambaye pengine alipewa uadmini kwa sababu tu ndiye aliyefungua kundi la mchango wa msiba.

Tugusie pia video za kweli zilizovishwa maelezo ya uongo, kwa sababu hizi ni nyingi kuliko za akili mnemba na hazigharimu hata senti. Vurugu za nchi nyingine zinaandikwa "Tanga leo". Mafuriko ya mwaka wa zamani yanarudi kila masika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu, cha kufuata kilikuwa taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, iliyo na tarehe, saa ya kutolewa na maeneo yaliyotajwa kwa majina. Video ya mawimbi isiyo na tarehe haikupi chochote cha kuamulia kama uvute ngalawa au usivute. Kuipima video ya namna hii ni kazi ya dakika tano. Isimamishe mahali penye jengo au bango, piga picha ya kioo, iingize Google Lens, tazama kama picha hiyo ilishawahi kutokea zamani. Rudia kwa sehemu mbili au tatu za video, maana ya kwanza inaweza kukosa. Kisha soma vitu vidogo: magari ya kwetu huwa na T, tarakimu tatu na herufi tatu, yakianza na K uko ng'ambo ya Horohoro, yaani Kenya. Tazama sare za askari, sare za wanafunzi, maandishi ya maduka, rangi za mitandao ya simu ukutani.

Upande wa ofisi za umma, tuseme wazi kinachoharibika. Mtendaji anapata sauti saa 2:45. Anaogopa kukanusha bila idhini, anampigia mkubwa wake. Mkubwa naye anampigia wa juu yake. Mmoja yuko safarini, mwingine amelala. Kanusho linatoka saa 4 asubuhi, limepigwa muhuri, limeandikwa vizuri, na watu walishakimbilia Muheza wakalala huko. Dawa ni kutoa kibali mapema. Ofisi iteue watu wawili wa kusema, zamu ya mchana na ya usiku, wenye ruhusa ya kutoa sentensi moja ndani ya dakika 30: "Tumeipata sauti inayosambaa, tunahakiki, tutatoa taarifa saa 3:30 hapahapa." Sentensi hiyo haihitaji kujua ukweli wote. Inahitaji "hapahapa" pawe panajulikana: akaunti moja, redio moja ya mkoa, ubao mmoja wa matangazo, vilivyotangazwa kabla ya siku ya shida.

Redio msiicheze sauti ya uongo hewani hata kwa nia ya kuikanusha. Anayewasha redio katikati atasikia sauti na kukosa kanusho. Anzeni na ukweli, taja uongo kwa maneno yenu kwa kifupi, malizieni na ukweli. Na mkiweka picha yake mtandaoni, chapeni neno FEKI katikati ya uso, maana likiwa pembeni mtu hulikata akaisambaza tena.

Kuna jambo la pili kwa ofisi, na si kila mtu hulipenda. Msiite kitu "cha AI", yaani cha akili mnemba, kabla ya kukihakiki, hata kama kinawaudhi. Siku hizi mtu akinaswa kwenye video ya kweli, utetezi wa kwanza ni huo. Ofisi ikikanusha kweli mara moja na ikagundulika, usiku wa Chongoleani hakuna atakayeisikiliza. Vilevile, kuwazimia watu intaneti kunawanyima njia ya kuhakikisha, na uvumi unaendelea kwa mdomo kama ulivyokuwa ukienda kabla ya simu kuingia. Hifadhini rekodi nzima za hotuba zenu, faili la kwanza kabisa kutoka kwenye kamera, ili kipande kikikatwa muwe na cha kulinganishia.

Kwenye fedha na mizigo, wenzetu wa bandari, kumbukeni Arup, kampuni ya uhandisi ya Uingereza. Mwaka 2024 ilijulikana kuwa mfanyakazi wa ofisi yao ya Hong Kong aliingia kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake wanaofahamika, wote wa kughushi, akalipa dola za Hong Kong milioni 200 kwa mihamisho 15. Aliyaona macho, akasikia sauti, akaridhika. Agizo lolote la kuachia mzigo, kubadili akaunti ya malipo au kufungua geti nje ya utaratibu lithibitishwe kwa njia tofauti na ile lililoingilia: limekuja kwa video, thibitisha kwa simu ya mezani, limekuja kwa simu, thibitisha kwa maandishi. Na asiadhibiwe mlinzi aliyemchelewesha bosi wa kweli kwa dakika tano akithibitisha. Akiadhibiwa mara moja, utaratibu umekufa.

Sheria zipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha. Faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Someni hapo penye "akijua". Bibi aliyeuliza kundini "jamani hii ni kweli?" hayuko sawa na aliyeitengeneza, na akitishwa kwa kuuliza, kesho hatauliza, atakimbia kimyakimya. Tena sheria hufika baadaye. Huko New Hampshire, Marekani, sauti ya kughushi ya Rais Biden iliwapigia simu wapiga kura Januari 2024 ikiwaambia wasipige kura ya mchujo. Faini ya dola milioni 6 ilitoka Septemba, kura zikiwa zimeshahesabiwa zamani.

Ili sheria ifanye kazi, ushahidi usiharibiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa. Kwa hiyo usiufute ujumbe kwenye simu ya kwanza iliyoupokea. Andika namba ya mtumaji, jina la kundi, tarehe na saa. Faili ulitume kama dokumenti, maana ukilituma kama video ya kawaida linabanwa na kuwa faili lingine. Afisa mwenye kompyuta alipigie alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, aiandike kwenye karatasi na kusaini. Faili likiguswa hata kidogo, alama hiyo haitalingana tena. Jumbe za utapeli za simu zitumwe 15040, na kila mmoja apige *106# aone kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake asiyoijua, kwani mwenye kueneza uongo hupenda laini ya mtu mwingine.

Tunaloomba lifanyike wiki hii ni dogo. Kila mtaa uandike orodha ya namba kumi: mtendaji, polisi kata, zimamoto, zahanati, bandari, redio, shule, msikiti, kanisa, na mtu mmoja wa mtaa wa jirani. Zipigwe zote, kwa sababu nusu ya orodha za namna hii huwa na namba zilizokwisha kufa. Zihakikiwe tena kila baada ya miezi mitatu. Orodha ichapwe kwenye karatasi na kubandikwa ofisini, pia kwenye kijiwe cha bodaboda. Bando huisha na umeme hukatika, lakini kitochi chenye salio la shilingi mia mbili bado kinapiga.

Tunapokea maswali. Tungependa kuanza na maadmini wa makundi, kama wapo humu.